Kitabu cha Kijapani Kwenye Benchi la Makohozi

Kama leo umepewa kopo dogo la plastiki lenye kifuniko, ukaambiwa uteme ndani yake kile kinachotoka chini kabisa ya kifua, wala si mate, kaa kwanza. Nitakueleza. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya wasichana hapa Kasongo, na kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kueleza jambo lile lile mpaka yule wa dawati la nyuma aelewe. Kifua kikuu, ambacho kwetu watu wanakiita tebe wakiwa na ujasiri na "ule ugonjwa" wakiwa hawana, nimetibiwa mara mbili mfululizo, na mara ya pili niliitafuta mwenyewe kwa ujinga wangu. Sasa nimepona. Nataka kukuambia kilichonisaidia, na utashangaa, maana ni riwaya za mwanamke mmoja wa Japani. Dawa ndiyo iliyoniponya, usinielewe vibaya. Riwaya zilinisaidia kuendelea kuimeza.

Jina la huyo mwandishi siliandiki. Watu wa kwetu wakishapata jina hawatafuti tena kitabu. Wanalitaja tu mbele ya wenzao ili waonekane wamesoma. Wewe tafuta vitabu.

Nilianza kukohoa kiangazi, wakati vumbi la barabara ya sokoni linaingia mpaka ndani ya sufuria, kwa hiyo kila mtu alikuwa anakohoa na mimi nilikuwa mmoja wao. Mvua zilipoanza, wengine waliacha. Mimi niliendelea. Sketi yangu ya kazini niliikaza kwa pini moja, kisha kwa pini mbili, kisha nikaacha pini nikaifunga kwa kamba. Homa ilikuja kila siku baada ya Alasiri, na kila asubuhi niligeuza godoro kwa sababu upande niliolalia ulikuwa umelowa. Hayo nayataja ili uyalinganishe na yako. Kama yanafanana, usiulize ndugu. Nenda ukapimwe.

Mimi niliuliza ndugu. Wifi yangu Mwamini, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa na jibu kabla sijamaliza kueleza.

"Ni sumu," alisema. "Walikuwekea kwenye chai ya shule. Ile kazi yako kuna watu wanaitaka."

"Watu gani?"

"Unawajua."

Sikuwajua, na hata leo siwajui. Kazi yangu ni kusahihisha daftari mia moja kwa wiki, na sijawahi kumwona mtu anayeitamani. Lakini mume wangu Ramazani, anayeuza vitenge na sabuni sokoni, ana tabia ya kukubaliana na mtu wa mwisho kuzungumza naye, na siku hiyo wa mwisho alikuwa dada yake. Basi nikapakiwa kwenye pikipiki, Ramazani nyuma yangu akinishika nisianguke, tukashika njia ya Kabambare mpaka karibu na Lusangi, kwa mzee mmoja anayesifiwa kwa kutoa sumu vifuani. Siku nzima ya matope. Mara mbili nilishuka ili dereva asukume pikipiki, na mara zote mbili nilikaa chini kabisa kwenye nyasi kwa sababu miguu ilikataa.

Mzee aliniwekea pembe ya mnyama kifuani, akanyonya, akatema kitu kiganjani mwake, akakionyesha kwa watu wote kabla ya kunionyesha mimi mwenyewe.

"Umeona?" Ramazani aliniambia. "Imetoka."

"Nimeona. Nani alikula ile kuku?"

Maana kilikuwa kipande cha mfupa wa bawa, na bado kilikuwa na rangi ya nyanya ya kupikia. Niliendelea kukohoa njia yote ya kurudi, na Ramazani aliendelea kusema kwamba kikohozi sasa kinasikika chepesi zaidi. Kama na wewe ulishapelekwa kwa mtu wa namna hiyo, sikucheki. Ninamcheka yeye, na ninakuomba usimpe siku nyingine hata moja.

Kwenye kituo cha afya, watu wa tebe hawakai pamoja na wajawazito na watoto wa chanjo. Tunakaa nyuma, kwenye benchi moja refu lililotazama upande upepo unakoelekea, karibu na choo. Mpango huo una akili, lakini mtu aliyeuchora hakuwahi kukaa pale. Mkuu wetu alikuwa muuguzi, Papa Yuma, mtu wa maneno machache ambaye hana kosa lolote katika habari hii. Alinipa kopo. Siku mbili baadaye aliniita dirishani akaniambia nina wadudu wa tebe, dawa ni miezi sita, miezi miwili ya kwanza nitameza mbele yake kila asubuhi, na ya baadaye nitachukua za nyumbani. "Usiache hata ukijisikia mzima," alisema. "Ukijisikia mzima ndiyo siku ya hatari." Nilitikisa kichwa kama wanafunzi wangu wanavyotikisa.

Mwili utakufanyia mambo. Mkojo utakuwa mwekundu kama maji ya bisap, kile kinywaji cha maua makavu. Ni rangi ya dawa, si damu, usilie chooni kama nilivyolia. Magoti yatauma. Harufu ya mafuta ya mawese, ambayo umeipenda tangu utoto, itakutapisha. Kisha katika wiki ya tano ao ya sita utaamka na njaa, njaa ya kweli, na utakula mhogo uliolala bila kuuliza ni wa nani.

Lakini utakula peke yako. Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za Kasongo, wanawake na watoto tunakula katika sinia moja, na mtu anajua nafasi yake katika familia kwa upande wa sinia alioketi. Siku niliyorudi na majibu, Mwamini alikuja na sahani ya bati na kikombe, vyote vikiwa na tone la rangi nyekundu ya kucha chini yake ili visichanganywe. Akaniwekea kando ya mlango. Kisha akawachukua binti zangu wawili, mkubwa ana miaka tisa na mdogo minne, akawapeleka kwake.

"Mpaka lini?" nilimwuliza.

"Mpaka karatasi ya muganga wa kituo iseme hauna kitu tena."

Mkuu wa shule alisema maneno hayo hayo kwa Kifaransa kizuri zaidi. Papa Yuma alijaribu kumweleza Mwamini kwamba baada ya wiki kadhaa za dawa mgonjwa haambukizi tena. Mwamini alimsikiliza kwa heshima na hakubadili chochote. Kwa hiyo kila kitu changu, watoto na darasa, kilikuwa kinangoja karatasi moja.

Ilibaki nyumba tupu na wageni, ndugu na walimu wenzangu walioujua ugonjwa. Sijui niwaeleze vipi wageni wa mgonjwa bila kutenda dhambi. Wanakaa karibu na mlango, ncha ya kitambaa puani, wanasema "utapona tu" kwa sauti ya mtu anayejuta kwamba hakutuma salamu badala ya kuja mwenyewe. Mmoja alinieleza kwa kirefu jinsi binamu yake alivyokufa na ugonjwa huu, kisha akaniomba nimpigie simu nikihitaji chochote. Mwingine aliniletea vijitabu vya ushuhuda. Nilivisoma vyote, kwa kuwa nina ugonjwa wa kusoma uliotangulia ule mwingine. Katika kila kijitabu mgonjwa ni shujaa, familia yake inamkumbatia, na kufikia ukurasa wa ishirini amejifunza maana ya maisha. Mimi kufikia wiki ya saba nilikuwa nimejifunza jina la kila mjusi wa dari yetu, kwa sababu niliwapa majina mwenyewe. Hata riwaya za Kifaransa nilizofundisha miaka yote hiyo zilinitia hasira. Katika riwaya zile wanawake wenye tebe wanakuwa weupe na warembo, wanakohoa ndani ya leso ya hariri, na wanaume wanawapenda zaidi. Ningependa mtu mmoja kati ya waandishi hao ainuse godoro langu.

Rafiki yangu Sabina, mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Kabambare, ndiye peke yake aliyekuja na kiti chake akakiweka karibu.

"Nikuletee nini?" aliuliza.

"Kitabu. Lakini kisiwe na ujasiri ndani."

Yeye ni Mkristo na anaingia maktaba ya misheni. Wiki iliyofuata alikuja na riwaya iliyotafsiriwa kwa Kifaransa kutoka Kijapani. Kadi yake ya maktaba ilikuwa nyeupe, bila jina hata moja.

"Hakuna mutu alishakikopa," alisema. "Nilisoma kurasa kumi. Hakuna kitu inatokea. Nikasema, huyu hatamuchosha mugonjwa."

Nilikianza kwa dharau. Ni habari ya mwanamke wa miaka hamsini anayefua shuka katika hospitali ya mji mmoja wa baridi kando ya bahari. Anazikunja. Kila Jumapili dada yake anampigia simu na wanazungumza juu ya samaki. Kwenye ukurasa wa sitini nilikitupa kitandani nikasema kwa sauti, "Basi sema kitu." Hakusema. Nilikiokota kwa sababu nilitaka kumfumania mwandishi akidanganya, kama wote wanavyodanganya, akimfanya huyo mwanamke apate mchumba ao urithi ao fundisho. Hakumfanya. Mwanamke alikunja shuka, na mwandishi akanieleza jinsi shuka ya mtu aliyekufa inavyokunjwa sawasawa na ya mtu aliyekwenda nyumbani, kwa sababu kwenye rundo hakuna anayejua ipi ni ipi. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Huyu, nikajiambia, amewahi kukaa kwenye benchi.

Karibu na mwisho ndiyo linatokea lile jambo moja tu. Jumapili moja, wakiwa katikati ya habari za samaki, mwanamke anamwambia dada yake kwamba sikio lake la kushoto halisikii, tangu utoto, na hakuwahi kumwambia mtu. Dada anauliza kama samaki wa wiki hii walikuwa na mafuta. Basi. Nilikaa na kitabu kifuani. Miezi yote hiyo watu walikuwa wamenimwagia maneno, na huyu mgeni wa mbali, ambaye mji wake hata kwenye ramani ya darasa letu hauonekani, hakuwa amenipa pole hata moja, na nilijisikia nimekaa na mtu.

Ningefurahi kukuambia kwamba nilielewa kile nilichosoma. Sikuelewa. Mwalimu anaweza kulia juu ya kitabu na asijifunze kitu. Nimewaona wengi, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Mwezi wa nne wa dawa ukaangukia Ramadhani. Nilikuwa nimenenepa, nimerudisha sketi kwenye pini moja, kikohozi kimebaki kidogo. Dawa sasa nilikuwa nazo nyumbani, na Mwamini ndiye aliyepewa kazi ya kuniangalia nikizimeza kila asubuhi. Sasa sikia kosa langu vizuri, maana ni kosa la watu wa kwetu. Mgonjwa ameruhusiwa kula Ramadhani. Hilo kila mtu wa Kasongo analijua tangu chuo cha dini, na imamu wetu alilirudia msikitini. Lakini mtu mzima asiyefunga anaonekana. Mwanamke akila siku saba majirani wanajua sababu na hawaulizi. Siku ya nane wanauliza. Na sisi tulikuwa tumewaambia majirani kwamba nina vidonda vya tumbo. Nilijua wakiniona sifungi mwezi mzima watapiga hesabu, wataunganisha kukonda kwangu na watoto kuhamishwa, na jina la ugonjwa litatoka.

Kwa hiyo nilifunga. Sikufungia Mungu, ambaye alikuwa amenipa ruhusa. Nilifungia macho ya Mama Mauwa, jirani yetu wa kushoto. Nilimwambia Mwamini kwamba nimehamishia dawa baada ya futari. Saa ile yeye alikuwa jikoni kwake na uji na maharagwe ya watu kumi na mbili, hakuweza kuja. Siku za kwanza nilimeza. Juu ya tumbo lililojaa ghafla vidonge vilinirudi, nikavitapika vyote na futari pamoja. Nikaruka siku moja. Nikaruka mbili. Sikukohoa zaidi, nikaona Papa Yuma ametia chumvi. Vidonge nilivitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, nikavifunika. Watu walinisifu. "Mwalimu na vidonda vyake bado anafunga," walisema, na mimi nilichukua sifa hiyo na kuilamba kama mtoto anavyolamba kijiko.

Mwezi wa tano nilipeleka makohozi. Papa Yuma aliniita dirishani, akatazama karatasi, akanitazama mimi.

"Wadudu wamerudi," alisema. "Ulimeza zote?"

Nilikuwa tayari kudanganya. Nilikuwa na uongo wa Kifaransa uliopangwa vizuri, wenye vishazi. Nikamwambia kweli.

Hakunigombeza. Alisema sampuli itapelekwa maabara ya Kindu kuangaliwa kama dawa bado zinafaa. Kama hazifai, nitahitaji dawa nyingine, ndefu na kali zaidi. Tulingoja wiki nne. Sitazieleza wiki hizo, ila Ramazani, ambaye nimemsema vibaya hapa juu, aliacha duka kwa mdogo wake akawa anakaa nami barazani bila kuongea, ananichemshia maji ya kuoga, na kila akisikia pikipiki inapunguza mwendo anasimama. Jibu lilikuja kwamba dawa bado zinafaa. Nianze upya. Mwezi wa kwanza, kidonge cha kwanza. Binti yangu mdogo, aliyekuwa ameahidiwa kurudi nyumbani baada ya Idi, aliambiwa bado. Mwamini alinieleza kwamba hakulia. Alikwenda tu kutoa nguo zake kwenye mfuko.

Hapo ndipo nilipochukua kile kitabu cha kufua shuka nikasoma tena ule ukurasa wa simu. Safari hii nilielewa kilichomgharimu yule mwanamke miaka arobaini na tano, kukaa upande usiosikia na kujibu asichosikia, ili tu watu wasijue sikio lake. Na nilimdharau. Kisha nikajidharau mimi, ambayo ilikuwa haki zaidi.

Mwamini alikuwa barazani kwetu na Mama Mauwa na jirani mwingine, wanachambua mchele. Nilitoka nikasimama mbele yao.

"Niko na tebe," nikasema. "Nilikuwa nayo tangu mwaka jana. Vidonda vya tumbo ilikuwa bongo, uongo mutupu. Niliacha dawa mwezi wa Ramazani ili musijue, sasa ninaanza upya."

Mwamini aliinamisha kichwa juu ya ungo. Mama Mauwa alitoa kokoto, akaitupa.

"Tunajua," alisema.

"Munajua tangu lini?"

"Tangu ulianza kupita asubuhi ile njia ya nyuma ya soko, ya kwenda kituoni. Ile njia hakuna mutu anaipita kama hana tebe."

"Na hamukusema?"

"Weye mwenyewe ulisema ni vidonda. Tukasema, tumuachie mwalimu vidonda vyake." Akatoa kokoto nyingine. "Lakini kufunga na tebe, hapana, ile hatukujua. Tulizani uko unakula kwa kujificha. Ule ni ujinga, Mama Mwalimu."

Miezi sita ya siri, na siri yenyewe ilikuwa inatembea sokoni kabla yangu. Nilirudi ndani nikacheka mpaka nikakohoa. Kama na wewe unaficha, nakuambia kwa upendo: hakuna anayedanganyika ila wewe, na vidonge unavyoficha havijui kwamba unaona haya.

Kuanzia kesho yake Mwamini alibadilika kwa namna yake. Papa Yuma alinimezesha miezi miwili, na baadaye Mwamini akachukua zamu kila asubuhi baada ya swala, amesimama mbele yangu kama askari wa mpaka.

"Meza. Fungua mudomo. Inua ulimi."

"Wifi, mimi ni mutu muzima."

"Ulikuwa mutu muzima mwezi wa Ramazani. Inua ulimi."

Sikumpenda mtu yeyote wa duniani kuliko nilivyompenda saa ile, na sikumwambia, maana angesema nipunguze maneno nimalize maji.

Sabina aliniletea riwaya ya pili ya yule yule mwandishi, nayo haikuwahi kukopwa. Nilikuwa nimekwisha kuisoma peke yangu mara moja, kisha nikaanza kwenda nayo kwenye benchi siku za kuchukua dawa, kwa sababu kungoja kwa Papa Yuma kunaweza kula nusu ya asubuhi. Siku ya kwanza Mama Feza, mama mzee anayeuza mihogo, aliniuliza ninachosoma. Nikamfafanulia kwa Kiswahili. Ni habari ya mwanamume aliyefiwa na mke. Anaishi na mama mkwe wake katika ghorofa ya tisa, kwa sababu hakuna mwingine wa kumtunza. Hawapendani. Wana birika moja. Lifti, yaani kile chumba cha chuma kinachopandisha watu juu, imeharibika, na mama mkwe miguu yake haimfikishi chini. Anachotaka ni kushuka aone maua ya mti mmoja ulio mbele ya nyumba, yanayokaa siku chache tu. Na njia ya kumshusha ni moja, mkwe wake ambebe mgongoni.

Benchi zima lilinigeukia.

"Mama mukwe?" alisema Mama Feza. "Mugongoni?"

"Mgongoni."

"Wajapani hawana haya."

Kwetu, usisahau, mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani anapinda kona. Hali chakula naye, hampi mkono. Kwa hiyo kile ambacho wasomaji wa Ulaya pengine walikiona kama jambo dogo la upole, benchi letu liliona mara moja ukubwa wake. Walibishana wiki baada ya wiki. Djuma, dereva wa pikipiki mwenye kifua chembamba kama changu, alikuwa na swali moja tu: ghorofa tisa kwa miguu, na huyo mwanamume naye amekula nini. Mwanamke mmoja wa Kabambare alishauri watafute shuka, mama akae ndani, wanaume wanne washike ncha, hakuna atakayegusa ngozi ya mwenziwe. "Wanaume wane watatoka wapi?" Mama Feza alimjibu. "Husikii wale watu hawana jirani?" Nilisimulia sura moja kila safari, polepole, na sikuwaambia mwisho. Niliwaona watu waliokuwa wanakosa siku za dawa wameacha kukosa. Usidhani ninajisifu, walikuja kwa ajili ya yule mama mkwe, na mimi nilikuwa redio tu. Wale wenye vijitabu vya ujasiri hawangeniamini.

Kiangazi kikaja tena, kikapita, mvua zikarudi. Nilipeleka makohozi ya mwisho siku ya Jumatatu, na Alhamisi nikaenda kuchukua karatasi. Nilikuwa sijala. Nilikaa kwenye benchi nikikunja na kukunjua ncha ya kitenge, na Mama Feza akanitazama mikono.

"Kitabu unacho?"

"Ninacho. Leo siwezi, mama."

"Utaweza. Kukaa bure hakutakusaidia."

Nikafungua. Zilibaki kurasa tatu. Maua yamechanua, kesho upepo utayaangusha, mwanamume amesimama mlangoni mwa chumba cha mama mkwe, ameinama, amempa mgongo, na hajasema kitu. Mama mkwe naye amekaa kitandani, anautazama mgongo huo. Hapo ndipo nilipofika dirisha lilipofunguliwa.

"Mama Mwalimu," Papa Yuma aliita. "Njoo."

Nilisimama. Mama Feza akanishika kitenge.

"Alipanda ao hakupanda?"

"Mama, karatasi yangu iko pale."

"Ninaiona. Haina miguu. Alipanda?"

Djuma naye alikuwa amenikodolea macho, na yule wa Kabambare, na wengine wawili waliokuja kwa mara ya kwanza na makopo yao mkononi bila kujua habari ilianzia wapi. Papa Yuma aliegemea dirisha. Hakuweza kuvumilia.

"Hauna kitu," alisema. "Makohozi ni safi, umepona. Sasa maliza, na mimi nisikie."

Watu wawili walisema alhamdulillahi, mmoja akasema asante Yesu, kisha wote wakanigeukia wakingoja, na nikaona kwamba kupona kwangu kumewafurahisha kwa kiasi chake tu. Nikakaa.

"Alipanda," nikawaambia. "Akamshika mabega. Walishuka ghorofa tisa. Kila ghorofa mwanamume alipumzika akiwa amesimama, maana angemshusha asingeweza kumwinua tena. Njia nzima hawakusema neno. Walipofika chini, mama mkwe alitazama mti, akasema, 'Mwaka jana yalikuwa mengi zaidi.' Basi."

"Basi?" alisema Djuma.

"Basi."

"Hakumushukuru," alisema Mama Feza. "Mubaya kabisa, yule mama." Akatikisa kichwa kwa furaha kubwa. "Kama mama mukwe wangu mwenyewe."

Nilichukua karatasi yangu dirishani, nikaikunja mara mbili, nikapita njia ya nyuma ya soko mchana kweupe mpaka kwa Mwamini. Alikuwa anapakua. Aliisoma karatasi yote, na muhuri, na upande wa nyuma ambao haukuandikwa kitu. Kisha akasogeza binti yangu mdogo kidogo upande wa kulia, akaweka kigoda kwenye nafasi iliyobaki kando ya sinia.

"Nawa mikono," alisema. "Chakula kinapoa."